Urafiki Usiotazamia Malipo

Neno "rafiki" ni jepesi kinywani. Mtu hukutana na mwenziwe sokoni mara moja, wakazungumza habari za mvua na bei ya mtama, na jioni akirudi kwake husema, "Leo nimepata rafiki." Watoto wa shule nao huitana marafiki kwa sababu huketi deski moja, au kwa sababu mmoja ana mpira na mwingine hana. Si vibaya kuitana hivyo, kwa kuwa urafiki mwingi huanza kwa mambo madogo. Walakini mche bado si mti, wala si kila mche uliopandwa hukua hata ukatoa kivuli.

Wazee walisema ya kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii ni ya kweli, nayo imewaokoa watu wengi wasidanganywe na maneno matamu. Lakini imfaa Mkristo kuitazama mara ya pili. Methali humfundisha mtu kumtambua rafiki aliye naye: ni nani aliyenisaidia siku ya njaa, ni nani aliyenikimbia? Injili humgeuza mtu huyo, ikamwuliza swali jingine: Wewe ni rafiki wa nani, na utakuwa rafiki yake hata lini? Swali la kwanza ni rahisi kulijibu, maana kila mtu hukumbuka upesi waliomtendea mabaya. Swali la pili ni zito.

Kuna urafiki wa namna nyingi. Upo urafiki wa tumbo, ambao hudumu maadamu chungu kimo jikoni. Upo urafiki wa kutaka kivuli, mtu akimfuata mwenye nguvu ili watu wengine wamwogope. Upo na urafiki wa mazoea tu, wa watu waishio jirani, nao wakihamia mbali husahauliana. Namna hizi zote hufanana na urafiki wa kweli wakati wa raha, kama vile magugu yafananavyo na mpunga mchanga. Zatambulikanaje? Faida na iondolewe, kisha itazamwe ni nini iliyobaki.

Basi, faida huondoka kabisa wakati wa mauti. Mtu aliyekufa hana chakula cha kumpa mwenziwe. Hawezi kumsifu mbele ya watu, hawezi kumshukuru, wala hawezi kumwadhibu akivunja ahadi. Kwa hiyo yule amtendeaye mema rafiki yake aliyekufa, moyo wake waonekana wazi, maana hapana tena malipo yanayoweza kuuficha. Ziko habari mbili za jambo hili zinazostahili kuwekwa pamoja. Moja imo katika Maandiko Matakatifu, na ya pili ilitendeka katika bara letu la Afrika, katika njia itokayo upande wa ziwa Bangweulu hata pwani ya Bagamoyo.

Habari ya kwanza ni ya Daudi na Yonathani, nayo imeandikwa katika vitabu viwili vya Samweli. Yonathani alikuwa mwana wa mfalme Sauli, na kwa desturi za watu ndiye aliyetazamiwa kukirithi kiti cha baba yake. Daudi alikuwa mchungaji wa kondoo, mtoto mdogo katika nyumba ya Yese wa Bethlehemu. Baada ya Daudi kumwua Goliathi, Yonathani alimpenda kama nafsi yake. Akavua joho lake akampa, na mavazi yake, na upanga, na upinde, na mshipi. Zawadi hizi hazikuwa ndogo. Mwana wa mfalme aliyempa mwingine joho lake na silaha zake ni kama aliyempa na cheo chake pia.

Sauli alipoona kwamba watu wanamsifu Daudi kuliko yeye, alishikwa na wivu, akataka kumwua. Yonathani angeweza kunyamaza. Kama Daudi angalikufa, ufalme ungalikuwa wake. Lakini yeye akamtetea rafiki yake mbele ya baba yake, hata siku moja Sauli akakasirika akamtupia mkuki yeye mwenyewe. Ndipo Yonathani akaenda shambani, akapiga mishale kuwa ishara, kama walivyoagana, Daudi apate kujua ya kuwa imempasa kukimbia. Wakalia pamoja, wakaagana kwa amani. Nao walikuwa wamefanya agano mbele za Mungu, si kwa ajili ya nafsi zao tu, bali kwa ajili ya watoto wao pia.

Hata baadaye Sauli na Yonathani wakafa vitani juu ya mlima Gilboa, na Daudi akawa mfalme. Zamani zile mfalme mpya aliyetoka katika nyumba nyingine mara nyingi aliwaua wazao wa mfalme wa kwanza, wasije wakaudai ufalme. Lakini Daudi akauliza kama yuko mtu aliyesalia katika nyumba ya Sauli, apate kumtendea mema kwa ajili ya Yonathani. Akaambiwa ya kuwa yuko mwana wa Yonathani, jina lake Mefiboshethi, naye ni kiwete wa miguu yote miwili. Alikuwa na umri wa miaka 5 habari za Gilboa zilipofika. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, naye katika haraka ile akaanguka, akalemaa.

Mefiboshethi alipoletwa mbele ya mfalme alianguka kifudifudi kwa hofu. Daudi akamwambia asiogope, akamrudishia mashamba yote ya babu yake, akaamuru watumishi wamlimie, naye mwenyewe ale mezani pa mfalme siku zote. Na tufikiri: Mefiboshethi alikuwa na nini cha kumpa mfalme? Hakuweza kwenda vitani, wala kulima, wala kuchukua mzigo. Alikuwa na jina la baba yake tu. Daudi hakumpendelea kwa ajili ya faida. Alilitimiza neno alilompa mtu ambaye hakuwapo tena wa kulidai.

Yamkini mwanafunzi atasema, "Hizo ni habari za kale, nao walikuwa watu wateule wa Mungu." Kwa ajili ya mwanafunzi huyo inafaa kuieleza habari ya pili, iliyo karibu nasi zaidi.

Palikuwa na watu wawili, Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa kijana mdogo alikamatwa na wauza watumwa, akawa katika msafara wa mateka wakipelekwa kuuzwa. Mwaka 1861 Daktari David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie wa Misheni ya Vyuo Vikuu walikutana na watumwa katika nchi ya juu ya mto Shire, iliyo leo katika Malawi, wakawafungua. Chuma alikuwa mmoja wa waliofunguliwa. Mwenziwe, Abdallah Susi, alikuwa mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi ya Msumbiji, naye aliingia kazini kwa Livingstone miaka ile ile. Mwaka 1864 wote wawili walivuka bahari pamoja naye katika chombo kidogo toka Unguja hata Bombay, nchi ya Uhindi.

Mwaka 1866 Livingstone aliingia bara tena, apande upande wa mto Ruvuma na maziwa makubwa. Alikuwa na watu wapatao 60, lakini hawakudumu. Mwaka ule ule watu wa kisiwa cha Nzwani waliokuwa wameajiriwa walisikia habari za vita mbele yao, wakaogopa, wakatupa mizigo wakarudi pwani. Walipofika Unguja walisema ya kuwa Livingstone ameuawa, wapate kudai mshahara wao. Uongo wao ulijulikana baadaye. Chuma na Susi hawakurudi pamoja nao.

Lakini mtu asidhani ya kuwa Chuma na Susi walikuwa malaika. Mwaka 1868 Livingstone alitaka kwenda kulitafuta ziwa Bangweulu, na wengi wa watu wake wachache waliosalia wakakataa. Walikuwa wamechoka kutembea, tena waliona raha ya kukaa mjini. Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa waliokataa. Livingstone akaenda na watu wachache tu. Aliporudi, wale waliomwacha wakataka kurudi kwake, naye akawapokea wote. Katika kitabu chake cha safari aliandika ya kuwa hata yeye alikuwa amechoka kama wao, na ya kuwa yeye pia ana makosa yake.

Jambo hili husahauliwa na wengi waisimuliao habari hii, nalo halifai kusahauliwa. Kama Livingstone angaliwafukuza siku ile, hapangalikuwa na mtu wa kumchukua baadaye. Petro naye alimkana Bwana wake mara tatu, akalia. Bwana Yesu alipofufuka hakumtafuta mtu mwingine asiye na doa. Alimwuliza Petro mara tatu kama ampenda, kisha akampa kazi ya kuwalisha kondoo zake. Urafiki uliovunjika na kuungwa kwa msamaha huweza kuchukua mzigo mzito.

Livingstone alikaa Ujiji, akaonana huko na H. M. Stanley mwaka 1871. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, alitoka Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, akaelekea kusini tena. Alikuwa na watu wapya waliotumwa kutoka pwani, mmoja wao Jacob Wainwright, Mwafrika aliyeokolewa utumwani akasomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, Uhindi. Mvua zilikuwa nyingi, na nchi ya Bangweulu ilikuwa maji matupu. Livingstone akaugua tumbo la damu hata asiweze kutembea. Watu wake wakamchukua kwa machela katika matope, wakafika mji wa mtemi Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Huko wakamjengea kibanda. Mapema mwezi wa Mei 1873, kabla ya mapambazuko, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake kama mtu asaliye. Alikuwa amekwisha kufa.

Sasa na tuitazame hali ya watu wale asubuhi ile. Walikuwa mbali na pwani zaidi ya maili 1,000. Mwenye kuwaajiri alikuwa amekufa. Hapakuwa na mtu wa kuwaamuru, wala wa kuwaandikia hati ya mshahara. Kuchukua maiti njiani kulikuwa hatari kubwa, kwa maana watu wa miji mingi waliogopa maiti ya mgeni isipite katika nchi yao, wakidhani italeta balaa. Njia ilikuwa nyepesi kuiona: wamzike pale pale kwa heshima, wakusanye karatasi zake na vyombo vyake, kisha waende pwani kuchukua haki yao. Hapana mtu ambaye angaliwalaumu. Mtemi Chitambo mwenyewe, ambaye mwanzo alifichwa habari za msiba, alipoijua kweli hakukasirika. Alikuja na watu wake kuomboleza, akatoa shauri la kumzika hapo.

Lakini wao wakafanya baraza, wakawachagua Susi na Chuma kuwa wakuu wao, wakapatana kwa neno moja kumpeleka kwa watu wake. Wakajenga ua mahali pa mbali kidogo na mji. Mmoja wao, Farjallah, aliyekuwa amepata kumtumikia daktari huko Unguja, akaufungua mwili. Moyo wakauzika chini ya mti mkubwa, Jacob Wainwright akasoma sala za maziko katika kitabu, kisha akachonga maneno ya ukumbusho katika gome la mti ule. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14. Wakauvika nguo, wakautia ndani ya gome la mti lililobanduliwa mviringo, wakaushona katika turubai, wakaufunga katika mti wa kuchukuliwa na watu wawili. Hata vitabu alivyoandika, na vyombo vyake vya kupimia nchi, walivihesabu na kuvifunga vizuri.

Safari ikaanza. Siku chache baadaye ugonjwa ukawaingia, Susi mwenyewe akawa taabani, wakakaa mahali pamoja karibu mwezi mzima. Katika mji mmoja palitokea ugomvi na wenyeji hata watu wakauawa, maana si kila jambo la safari hii ni la kusifiwa. Wakashika njia vivyo hivyo, wakafika Unyanyembe mwezi wa Oktoba. Huko walimkuta afisa Mwingereza, Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Alipoona hatari iliyo mbele yao aliwashauri wamzike pale. Wangeweza kusema, "Mwingereza mwenziwe ametupa ruhusa, basi kazi yetu imekwisha." Hawakusema hivyo. Walikataa kwa heshima, wakaenda zao.

Mbele kidogo, huko Kasekera, watu wakazuia maiti isipite. Hapo wasafiri wale wakafanya werevu. Walifunga mabua ya mtama katika nguo, mfano wa maiti, wakawatuma watu 6 kuyarudisha nyuma, kana kwamba wamekubali kumzika Unyanyembe. Wale 6 walipofika porini wakayatawanya mabua, wakarudi usiku kwa wenzao. Na mwili wa kweli ukafungwa upya kama mtumba wa nguo za biashara, ukapita pamoja na mizigo mingine. Mwezi wa Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, baada ya miezi 9 ya njia. Mwili ukawekwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, kisha ukachukuliwa kwa meli. Mnara wa kanisa la kale la misheni ile huitwa kwa jina la Livingstone hata leo.

Walipata malipo gani? Walipewa mshahara wao, wakaambiwa waende makwao. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyefuatana na mwili hata Uingereza. Madaktari wa London waliutambua kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba mwaka 1844, nao ukazikwa katika kanisa kuu la Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma hawakuwapo siku ile. Walifika Uingereza baadaye, kwa fedha za James Young, rafiki wa Livingstone, wakamsaidia Kasisi Horace Waller kuitengeneza habari ya safari za mwisho ili ipigwe chapa. Wala hawakulalamika kwamba walisahauliwa; walikaa wakaeleza mahali kwa mahali, jina kwa jina. Medali za sifa zilitengenezwa kwa ajili ya wachukuzi wote, lakini wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Chuma aliongoza misafara mingine ya bara, akafa Unguja mwaka 1882. Susi hakuwa Mkristo wakati alipomchukua Livingstone. Alibatizwa mwaka 1886, miaka 12 baada ya maziko ya Westminster, naye alipewa jina la David. Alifariki mwaka 1891. Basi Mkristo asome jambo hili kwa unyenyekevu. Bwana Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria, mtu aliyedharauliwa, aliyetenda lile ambalo kuhani na Mlawi walilipita. Mungu aweza kutufundisha urafiki kwa mkono wa mtu ambaye bado hajaandikwa katika kitabu cha ubatizo.

Wako watakaosema, "Hao walikuwa watumishi, si marafiki. Livingstone alikuwa bwana, nao walikuwa watu wa mshahara." Neno hilo halifai kupuuzwa. Ni kweli ya kuwa hawakuwa sawa kwa cheo, na siku zile Mzungu na Mwafrika walitazamana kwa namna ambayo si ya haki. Yamkini pia waliikumbuka habari ya watu wa Nzwani, wakataka kuleta ushahidi kwamba hawasemi uongo. Moyo wa mtu huwa na sababu nyingi kwa pamoja. Lakini mshahara hupimwa kwa kazi iliyoagizwa, na kazi hii haikuagizwa na mtu. Yeye aliyeweza kuiagiza alikuwa amekufa. Mtumishi hufika mpaka wa amri akasimama. Rafiki huuvuka mpaka ule, ingawa hapana anayemwita upande wa pili.

Tena Bwana Yesu mwenyewe alilisema jambo hili usiku ule wa mwisho alipokula na wanafunzi wake. Aliwaambia ya kuwa hatawaita tena watumwa, bali amewaita rafiki, kwa sababu amewajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba yake. Usiku ule ule alikuwa amejifunga kitambaa na kuwaosha miguu. Hivyo katika ufalme wake cheo hakizuii urafiki, wala urafiki haungoji vyeo viwe sawa. Alijua mmoja atamsaliti, mwingine atamkana, na wote watakimbia. Akawaita rafiki vivyo hivyo, kisha akatoa uhai wake kwa ajili yao, wao wasioweza kumlipa hata kidogo.

Katika habari hizi mbili zaonekana alama za urafiki wa kweli, nazo zafaa kukaa moyoni mwa mwanafunzi. Alama ya kwanza ni kwamba rafiki wa kweli hufurahia kuinuka kwa mwenziwe, hata ikiwa kwa kuinuka huko yeye atashuka, kama Yonathani. Katika darasa si rahisi. Mwenzako akipata nambari ya kwanza nawe ukawa wa pili, utajua upesi kama wampenda au wapenda kumshinda.

Alama ya pili ni msamaha. Mtu atakaye rafiki asiyekosa atakaa peke yake. Hii haina maana ya kuyafunika maovu. Yonathani alimwambia baba yake kweli juu ya uovu wake, na rafiki wa kweli humwonya mwenziwe faraghani kabla watu hawajamcheka barazani. Anayekuachia unakili hesabu zake hakusaidii. Anakupeleka mtihanini mikono mitupu. Lakini baada ya kuonya, mlango uwe wazi mtu apate kurudi.

Alama ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni kulishika neno wakati ambapo hapana tena wa kulidai. Hapo wengi hushindwa, si kwa sababu ni wabaya, bali kwa sababu husahau. Mwanafunzi mmoja aacha shule kwa kuwa baba yake amefariki, naye ameitwa kuchunga ng'ombe. Juma la kwanza wenzake wamtaja kila siku. Juma la tatu mahali pake darasani pamekaliwa na mwingine. Mwingine augua ugonjwa ambao watu wanauogopa, na wale waliocheza naye wapita njia ya mbali na nyumba yao. Mwingine ameshindwa mtihani, aona haya kuja hata kanisani. Hawa hawana mpira wa kukuazima tena. Hawawezi kukusaidia hesabu, wala kukutetea uwanjani. Ndio Mefiboshethi wa kijiji chako.

Nayo kazi ya kuwatendea haitaki mali. Aliyebaki shuleni aweza kumpelekea mchungaji wa ng'ombe kitabu siku ya Jumamosi, wakasoma pamoja chini ya mti hata yule asisahau aliyojifunza. Aweza kuketi mlangoni pa mgonjwa akamsimulia habari za michezo. Na ikiwa rafiki amekufa, mama yake yu hai. Ana kuni za kukatwa na maji ya kutekwa, na jioni zake zimekuwa ndefu. Mtoto ambaye zamani alifika nyumba ile kula ugali na mwanawe, na afike sasa na mtungi kichwani. Mama yule huenda asipate neno la kumshukuru, maana atamwona akamkumbuka wake, akalia. Asikimbie kwa sababu ya machozi hayo. Na autue mtungi, aketi naye kidogo, kisha arudi tena juma lijalo.